Nzumari, Vyuma na Maikrofoni: Sengenya ya Kwale na Wageni Wake

Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Wajerumani wawili walikuja Pwani ya Kenya na maikrofoni zao. Mmoja, Sven Kacirek, ni mpiga ngoma wa Hamburg. Mwenzake, Stefan Schneider wa Düsseldorf, alikuwa ameshajulikana Ulaya kwa kundi la To Rococo Rot, ambalo muziki wake ulitegemea sana mashine. Katika kijiji cha Mukunguni waliwarekodi wapigaji na wachezaji wa Kimijikenda wakiwa katika sengenya, na kampuni ya Honest Jon's ya London ikaitoa kazi hiyo kwa jina la kijiji chenyewe, Mukunguni. Hapana gitaa lililopachikwa juu yake wala kinanda. Kinachosikika ni ngoma, vyuma, kayamba, njuga, watu wakiimba, na nzumari ikipita juu ya wote hao.

Honest Jon's hutoa muziki wa namna nyingi, kuanzia ngoma za Tony Allen wa Nigeria hadi elektroniki ya Berlin. Kwa hiyo sengenya ilijikuta imewekwa jirani na kazi za watu wanaojiita wanamuziki wa majaribio. Wapo wenzetu waliokereka. Wakauliza, vipi ngoma ya wazee ikawekwa rafu moja na muziki wa mashine? Mimi naona iliwekwa mahali pake, ingawa sababu yake haikutoka London. Sengenya haikungoja mgeni aje kuifanyia majaribio. Yenyewe imetokana na majaribio ya vizazi vya watu wa Kwale, waliochukua ala za mbali, wakaziweka juu ya midundo yao, wakatupa zisizofaa na kubaki na zilizokubali. Anayetaka kuihifadhi bila kulijua hilo ataishia kuhifadhi mavazi tu.

Tuanze na wenyewe. Sengenya hupigwa na Wadigo, walioenea kutoka Likoni kushuka Tiwi, Diani, Msambweni na Lunga Lunga hadi kuvuka mpaka upande wa Tanga, na hupigwa na Waduruma, wenye makazi yao makubwa Kinango na nyika inayopanda kuelekea reli. Wote ni Wamijikenda, lakini maisha yao hayafanani. Mdigo wa pwani ana minazi, ana bahari, na kwa sehemu kubwa ni Mwislamu. Mduruma ana ng'ombe, ana ukame, na katika ukoo mmoja unaweza kukuta Mwislamu, Mkristo na anayefuata njia ya mababu. Sengenya imevuka tofauti zote hizo. Husikika arusini, husikika kwenye matanga ya mtu mzima aliyeishi akaheshimika, husikika baada ya mavuno na siku kiongozi anapopokewa uwanjani. Si ngoma ya pepo, ingawa wapigaji wake wengi wanazijua ngoma za pepo vilivyo.

Mpangilio wake ndio unaoifanya iwe ya pekee. Chini kabisa inanguruma bumbumbu, ngoma kubwa ambayo mlio wake huusikii kwa masikio peke yake, bali pia kwa kifua. Chapuo, iliyo fupi na yenye mlio mkavu, huuendesha mwendo. Kisha kuna ngoma ndogo ndogo ambazo mara nyingi husimama kadhaa mbele ya mpigaji mmoja, kila moja na sauti yake, hii juu kidogo, ile chini kidogo. Hizo ngoma ndogo hupigwa kwa kupangiana sauti, na mwenye sikio zuri husikia zikitoa lahani, zikimjibu muimbaji au zikimtangulia. Kabla ya kuanza huoteshwa moto wa makuti. Ngozi ikikazika, fundi huigonga kwa kidole, husikiliza, huirudisha motoni, hugonga tena. Kazi hiyo hufanywa kwa utulivu mkubwa, na kijana anayejifunza huachiwa kusimamia moto muda mrefu kabla hajaruhusiwa kushika ngoma yenyewe.

Juu ya ngoma kuna vyuma: upatu, ukaya na vipande vingine vya chuma vinavyogongwa. Hapa ndipo majaribio yanapoonekana waziwazi. Kilichotakiwa siku zote ni mlio mkali, wa juu, usiomezwa na ngozi, na chochote chenye mlio huo kilikaribishwa. Sinia la dukani likilia vizuri, hilo ni ala. Wachezaji nao huleta vyuma vyao miguuni: njuga huwafanya kuwa wapigaji, kwa sababu kila hatua yao ni sauti, na mchezaji anayekosea hatua husikika kabla hajaonekana. Kayamba, ile ala bapa ya mabua iliyojazwa mbegu, hutiririka katikati kama mvua juu ya bati na kuziba mianya yote iliyobaki.

Na kuna nzumari. Pwani nzima inaijua zumari, kutoka Lamu hadi Unguja na Pemba. Nje ya Afrika Mashariki ndugu zake ni mizmar ya Waarabu, zurna ya Waturuki na shehnai ya Wahindi. Wahausa wa Nigeria wana algaita. Ukoo huo mkubwa ulifika kwetu kwa majahazi pamoja na misafara ya kaskazi na kusi. Wadigo na Waduruma waliipokea ala hiyo, wakaitumia walivyotaka. Hawakuchukua mpangilio wa muziki ulioizunguka Arabuni wala Bara Hindi. Waliiweka juu ya bumbumbu na chapuo, wakaifundisha kuimba nyimbo za Kimijikenda, na leo ukiisikia kutoka mbali, kabla hata hujaona mtu, unajua kuna sengenya.

Kuipiga si kazi ndogo. Mdomoni kuna kipande cha jani gumu la mvumo kilichokunjwa na kufungwa uzi, na nyuma yake kisahani kidogo ambacho midomo huegemea. Mpigaji hujaza mashavu, husukuma hewa kwa mashavu hayo, na wakati huohuo huvuta nyingine kwa pua. Hivyo pumzi haikatiki. Wimbo unaweza kwenda dakika nyingi bila nzumari kunyamaza, na wacheza ngoma wakachoka mbele ya mtu mmoja aliyesimama akipuliza. Mazoezi yake huumiza mashavu na kichwa, na si kila mwanafunzi huvumilia. Kikundi kikikosa mpiga ngoma, atatafutwa mwingine kijijini; kikimkosa mpiga nzumari, sengenya imesimama. Ndiyo maana mpiga nzumari mmoja huweza kuwa tegemeo la vikundi kadhaa, akihama kutoka arusi hadi arusi, na ndiyo maana vijiji jirani vimezoea kuazimana wapigaji tangu zamani. Kijana wa Kidigo mwenye hamu ya kupuliza anaweza kuanzia kwenye chivoti, ile filimbi ya mwanzi inayopulizwa kwa ubavuni, ambayo haimdai pumzi nyingi hivyo.

Ili kuelewa uhuru uliomo ndani ya sengenya, ni lazima kuangalia muziki uliokuwa na mipaka. Katika kaya za Wamijikenda, yale makazi ya kale ndani ya misitu, kulikuwa na ala zisizochezewa. Mwanza, ngoma inayotoa mngurumo kwa kusuguliwa badala ya kupigwa, ilikuwa mali ya wazee wa kaya. Wanawake na wasiopitia madaraja hawakuruhusiwa kuiona. Kwale ina baadhi ya kaya mashuhuri: Kinondo, hatua chache kutoka hoteli za Diani, ambayo Wadigo huihesabu kati ya makazi yao ya mwanzo baada ya safari ya kutoka Singwaya, nchi ya asili katika masimulizi yao; kisha Kaya Diani, Tiwi, Waa na Muhaka; na kwa Waduruma, Gandini na Mtswakara. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu ya kaya katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka uliofuata mila zake zikaingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Anayeingia Kinondo leo hufungwa kaniki kiunoni na kuongozwa na wenyeji. Ule msitu bado una masharti.

Kusini zaidi, jirani na Vanga, palikuwa na mji wa Vumba Kuu. Madiwani, yaani watawala, wa Vumba walikuwa na siwa, ile pembe kubwa ya kupulizwa, na ngoma za enzi, na kupulizwa kwa siwa kulikuwa tangazo la mamlaka. A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza aliyeandika historia ya Vumba mwaka 1900, alikuta kumbukumbu za ala hizo na vyeo vilivyoambatana nazo. Kwa hiyo pwani hii ya kusini ilikuwa na ngoma ya wazee upande mmoja na ngoma ya watawala upande mwingine. Sengenya haikuwa ya yeyote kati yao. Wanaume na wanawake wameicheza pamoja, vijana kwa wazee, na aliyetaka kuongeza chombo hakuwa na wa kumwomba ruhusa isipokuwa wenzake wa kikundi.

Dini ilileta mvutano wake. David Sperling, aliyechunguza kuenea kwa Uislamu miongoni mwa Wamijikenda kati ya 1826 na 1933, ameonyesha jinsi Wadigo walivyosilimu polepole, kijiji kwa kijiji, kwa jamaa na biashara zaidi kuliko kwa amri. Masheikh walizikemea ngoma za pepo. Katika nyumba nyingi maulidi na dufu vilichukua nafasi ya nyimbo za zamani. Sengenya ilipona kwa sababu ilikuwa ngoma ya furaha na ya heshima kwa watu, na kwa sababu mwenye arusi hakutaka kuikosa. Wapo waliokuwa wakisikiliza maulidi jioni na kucheza sengenya kesho yake, wala hawakuona shida, na mimi siioni.

Ukoloni ulikuja baada ya vita. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, wa ukoo wa Mazrui, alipigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kukimbilia upande wa Wajerumani, na nyumba yake Gazi ingalipo. Baada yake yalikuja mashamba, kodi na vibali, na mijini ngoma ilihitaji ruhusa ya serikali. Wakati huohuo Mombasa na Lamu zilikuwa zimevamiwa na beni, zile ngoma za mashindano zenye tarumbeta, vyeo vya kijeshi na sare, ambazo Terence Ranger aliziandikia kitabu mwaka 1975. Sengenya ilikuwa tofauti na beni: haikuvaa sare wala kuiga gwaride. Lakini hewa ilikuwa ileile, hewa ya vikundi kushindana, kila kimoja na jina lake, na kila kimoja kikitafuta jambo jipya la kumshinda jirani. Ngoma ya mashindano haiwezi kubaki ilivyokuwa jana.

Mashamba nayo yalileta watu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi na mashamba ya mkonge yaliwavuta vibarua kutoka mbali, wakiwemo Wamakonde wa Msumbiji, ambao walikaa Kwale kwa vizazi bila uraia hadi walipotembea kuelekea Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 kuudai, wakaupata, na mwaka 2017 wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Walikuja na sindimba na vinyago vyao. Ukanda wa Shimoni na Vanga ulikuwa na Wapemba pamoja na ngoma zao za kisiwani. Milima ya Shimba ilipokea Wakamba. Mtu aliyekua Msambweni katikati ya karne iliyopita alisikia midundo ya nusu ya Afrika Mashariki bila kuondoka wilayani, na mpiga ngoma mwenye akili hasikii bure.

Safari ya sauti ilikwenda pande zote mbili. Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, kampuni ya Assanand & Sons ilikuwa ikitoa santuri kwa jina la Mzuri, na taarab ya mji ikaanza kunyoosha mkono kwenye ngoma za jirani zake. Maulidi Juma na kundi lake, ambao sahani yao Mombasa Wedding Special ilitolewa London mwaka 1990, walitia katika taarab midundo ya ngoma za arusi, chakacha na vugo, na wakaimba pia nyimbo za Kigiriama. Kwa jicho la mwanahistoria hili lina uzito zaidi kuliko ule linaopewa. Taarab, yenye kupenda udi, fidla na mashairi ya mafumbo, ilikubali kwamba harusi ya pwani haichangamki bila mdundo wa Mmijikenda.

Kisha ikaja Kenya huru na swali lake la sauti ya taifa. Wimbo wa taifa wa mwaka 1963 ulipatikana kwa lahani ya Wapokomo, wimbo wa kubembelezea mtoto uliotoka kwa Mzee Meza Moroa Galana, na tume iliyoutengeneza ilikuwa na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume wa Pwani, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wawili kati yao waliendelea kuandika juu ya ala zetu. Hyslop alitoa kitabu cha ala za Kenya mwaka 1975. Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, alitoa kitabu chake cha muziki wa kienyeji wa Kenya mwaka 1986. Ngoma za Pwani zimo humo na majina yake ya asili, na kwa walimu wengi wa muziki waliokuwa bara, hapo ndipo walipoanza kukutana na sengenya.

Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, iliipa jukwaa la kudumu Nairobi. Mashindano ya muziki ya shule yakaipeleka mbali zaidi, hadi unakuta wanafunzi wa Kakamega au Nyeri wamefunga njuga wakicheza ngoma ya Kidigo mbele ya waamuzi. Nafurahi kuwaona. Ila jukwaa limedai bei yake. Ngoma iliyokuwa ikisubiri umati upate moto sasa imepewa dakika chache. Mahali pa mpiga nzumari aliyekosekana huwekwa filimbi, na pengine muimbaji huiga mlio wake kwa mdomo. Hatua zimepangwa kwa mistari iliyonyooka ili mwamuzi aone vizuri, na ule wakati wa ngoma ndogo kujibizana na muimbaji, ambao hauwezi kupangiwa, ndio uliokatwa kwanza. Mtoto aliyejifunza sengenya kwa njia hiyo ameipata picha yake. Hajapata kazi yenyewe, ambayo ni kusikilizana.

Diani ilifanya jambo lake. Hoteli zilijaa ufukweni katika miaka ya 1960 na 1970, na jioni baada ya chakula kikundi kiliitwa kutoka Ukunda, Mwabungo au Msambweni kuja kucheza karibu na bwawa la kuogelea. Ni rahisi kuyabeza maonyesho hayo, na wasomi wengi wameyabeza. Lakini yalilipa. Kwa kijana asiye na mashua wala shamba, njuga miguuni zilikuwa mshahara, na vikundi ambavyo vingekutana mara mbili tatu kwa mwaka vilikutana kila wiki. Mgeni aliyetoka Frankfurt hakujua sengenya wala ngoma ya gonda, basi vikundi vikachanganya: ngoma ya Kidigo, kisha ya Kigiriama, kisha sarakasi, kisha wimbo wa kumkaribisha mgeni. Mchanganyiko huo ulikuwa na ubaya wake, kwa maana majina yalipotea na kila kitu kikaitwa ngoma ya Kiafrika. Hata hivyo wapigaji walijifunza kazi za makabila jirani wakiwa jukwaani, mbele ya watu, bila mwalimu.

Agosti 1997 yote hayo yaliporomoka. Tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, fujo zikaenea Pwani ya Kusini, watu wakauawa na wengine wakafukuzwa majumbani mwao. Watalii walikimbia, hoteli zikafunga milango, na vikundi vilivyotegemea mkataba wa hoteli vikasambaratika pamoja na wapishi na watunza bustani. Historia za muziki huandika kuzaliwa kwa makundi; ni nadra kuandika jinsi njaa ya msimu mmoja inavyolivunja kundi lililochukua miaka ishirini kukamilika. Wapo waliouza baiskeli, wapo walioenda Mombasa kubeba mizigo, na ngoma zikabaki zimeegemea ukuta.

Zaidi ya miaka kumi baadaye walikuja wale wageni wenye maikrofoni, na hapo tunarudi kwa Kacirek na Schneider. Kabla ya Mukunguni, Kacirek alikuwa ametoa mwaka 2011 sahani iitwayo The Kenya Sessions kwa kampuni ndogo ya Kijerumani, Pingipung. Humo alichukua sauti alizorekodi Kenya, akarudi nazo kwao, akaziwekea marimba yake na mlio wa burashi juu ya ngozi. Ni kazi nzuri ya mtu mwenye sikio la makini. Lakini ukiweka sahani hizo mbili pamoja unajifunza jambo: ile aliyoiongezea ni ya Kacirek, na ile aliyoiacha bila kuigusa inashangaza zaidi. Katika Mukunguni hakuna haja ya mashine. Ngoma ndogo zinapopandana juu ya chapuo, ukaya ukiingia upande usioutarajia na nzumari ikivuta sauti moja hadi itetemeke, mhandisi wa studio hana la kufanya zaidi ya kukaa kimya na kuangalia mizani ya sauti isipite. Naheshimu kwamba walikaa kimya.

Wenye hamu ya kulinganisha na jinsi wengine wanavyoubuni upya muziki wa jadi watafute habari za Ufini. Huko, Chuo cha Sibelius cha Helsinki kilifungua idara ya muziki wa kienyeji mwaka 1983 chini ya Heikki Laitinen, na tangu mwanzo wanafunzi walifundishwa kuimiliki lahani ya zamani kisha kuibuni upya wakati wa kuipiga. Nje ya chuo, mjini Tampere, Jan Anderzén alianzisha mwaka 1995 kundi la Kemialliset Ystävät, lisilo na idadi maalumu ya wanachama, linalochanganya ala za kienyeji, vichezeo vya watoto na kanda zilizochakaa. Yupo na Mwafrika Mashariki ndani ya hadithi hiyo. Arnold Chiwalala, Mtanzania aliyepitia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alihamia Ufini, akakutana na kantele, ala ya nyuzi ambayo Wafini wanaihesabu kuwa roho ya taifa lao, na akaona inaweza kusimama na zeze na ngoma za kwao. Mwaka 2009 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo cha Sibelius kwa mtindo alioubuni mwenyewe na kuuita Chizentele. Wafini hawakusema ameiharibu kantele yao. Walimpa udaktari.

Jambo alilolifanya Chiwalala kwa kantele ndilo walilolifanya Wadigo kwa zumari ya majahazi. Tofauti ni kwamba mmoja ana jina lake kwenye tasnifu, na wale wengine hawana jina popote. Hili linaniuma. Mtu wa kwanza kuiweka nzumari juu ya bumbumbu alikuwa mbunifu mkubwa, na aliyekuja baada yake akapanga ngoma ndogo hadi zikatoa lahani alikuwa mkubwa vilevile. Tukisema sengenya ni ya jadi, kisha tukanyamaza, tumewafuta watu hao wote.

Sheria imeanza kusogea. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kama msingi wa taifa, na imekabidhi shughuli za utamaduni kwa kaunti. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni, inayoipa jamii haki juu ya nyimbo na ngoma zake, na kutaka jamii iridhie na ifaidike pale zinapotumiwa kibiashara. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho ilipata nafasi katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014. Sengenya haina nafasi ya aina hiyo, na sioni kwa nini ombi lake lisiandikwe Kwale, na wapigaji wenyewe wakiwa mezani.

Ila ombi litakaloandikwa lisitaje mavazi na hatua pekee. Liandike kuhusu jani la mvumo na mti unaochongwa nzumari, nani anaruhusiwa kuukata na wapi, kwa sababu msitu ukiisha hakuna warsha itakayoleta sauti hiyo. Liandike majina ya mafundi wa kuwamba ngoma waliopo Kinango, Lunga Lunga na Msambweni, na liwatengee fedha za kuchukua vijana kwa miaka, si kwa wiki ya semina, kwa kuwa pumzi ya nzumari haiji upesi. Mukunguni na rekodi nyingine zilizofanywa na wageni ziletwe nakala zake katika maktaba ya Kwale, mpiga ngoma wa Tiwi azisikilize bila kuagiza santuri London. Na kijana akitaka kuunganisha nzumari na kompyuta, asiwepo mzee wa kamati wa kumzuia. Wapiga nzumari watamsikiliza, na wakiona inalia vizuri watamwambia aipandishe sauti kidogo, kwa sababu chapuo inamfunika.